Mgeni Hana Siku Mbili: Gari la Nje Katika Hewa ya Jiji la Meksiko

Sisi humpa mgeni siku mbili, ya tatu tukamkabidhi jembe. Jiji la Meksiko halina subira hiyo. Mtu akiingia na gari lenye namba za Texas saa tatu asubuhi ya Alhamisi, hoteli yenyewe hajaiona bado, trafiki anaweza kumsimamisha, kumwonyesha kibao chake cha namba, kumwandikia faini na kuliita gari la kuvuta. Taa nyekundu hakupita, mwendo hakuzidisha. Kosa lake ni kuonekana barabarani kabla ya saa tano akiwa na namba isiyo ya hapo.

Sheria inayomkamata inaitwa Hoy No Circula, yaani Leo Haitembei. Wasafiri wengi huisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari aliyewasimamisha, wakaondoka na imani kwamba wametegewa mtego wa watalii. Hawakukosea sana, ila mtego huo haukutegwa kwa ajili yao.

Tuanze na hewa yenyewe. Jiji limekaa bondeni, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mahali palipokuwa ziwa enzi za Waazteki, na milima imelizingira karibu pande zote. Kwa urefu huo oksijeni imepungua kwa kiasi cha robo ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo injini ambayo haikurekebishwa huunguza mafuta nusunusu na kutema uchafu zaidi. Wakati wa baridi, hewa baridi hutuama chini na ya joto huifunika kama mfuniko wa sufuria; moshi wa asubuhi haupati pa kutokea. Kuanzia Februari hadi Juni jua kali huupika moshi huo ukawa ozoni. Mario Molina, mwanakemia mzaliwa wa jiji hilohilo, alipata Nobel mwaka 1995 kwa kuonyesha namna kemikali za binadamu zinavyolila tabaka la ozoni huko juu angani. Baadaye akageukia ozoni ya huku chini, ile inayokereketa vifua vya watoto wa mtaani kwao. Eneo zima la jiji na vitongoji vyake lina watu zaidi ya milioni 21, na mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulilitaja kuwa jiji lenye hewa chafu kuliko yote duniani.

Leo Haitembei ilianza tarehe 20 Novemba 1989. Kila gari lilitakiwa kulala siku moja kwa wiki kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake, na hatua hiyo ilitangazwa kuwa ya muda, ya kuvukia baridi ya mwaka huo tu. Msomaji aliyewahi kulipa tozo ya muda hahitaji kuambiwa kilichofuata.

Ratiba haijabadilika sana tangu hapo. Namba zinazoishia na 5 na 6 hupumzika Jumatatu, 7 na 8 Jumanne, 3 na 4 Jumatano, 1 na 2 Alhamisi, 9 na 0 Ijumaa, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Kama namba inamalizika kwa herufi, huangaliwa tarakimu iliyo ya mwisho kabla yake. Gari la Tanzania, ambalo namba yake huishia na herufi tatu, lingehukumiwa kwa tarakimu iliyo ya mwisho kabla ya herufi hizo. Juu ya ratiba hiyo ikaongezwa stika. Kwa kawaida kila miezi sita gari la jijini hupelekwa kupimwa moshi, na likitoka hubandikwa kiooni stika ya 00, ya 0, ya 1 au ya 2. Mwenye 00 au 0 hutembea kila siku. Mwenye 1 hukosa siku moja ya kazi na Jumamosi mbili kwa mwezi. Mwenye 2, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye gari kuukuu, hukosa siku moja ya kazi na kila Jumamosi.

Mgeni yuko wapi katika ngazi hiyo? Yuko chini ya ngazi. Gari lenye namba za nje lisilo na stika hukosa siku yake moja ya kazi, hukosa kila Jumamosi, na juu ya hayo halitembei kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Tupige hesabu. Saa za zuio ni 17 kwa siku, kwa siku sita ni 102. Gari kuukuu la jijini, lenye stika ya 2, hufungiwa saa 34. Gari la mgeni hufungiwa hizohizo 34, pamoja na saa 6 za asubuhi kwa siku nne zilizobaki, jumla 58. Zaidi ya nusu ya saa zote za zuio. Na hesabu hiyo haiulizi gari lilitengenezwa lini wala linatoa nini nyuma. Gari la mwaka jana lililopita vipimo vikali vya California linawekwa chini ya teksi ya zamani inayokohoa kila ikipanda mlima.

Hapa ndipo mtu husema jiji linachukia wageni. Sababu ya kwanza ni nyepesi na ina mantiki: jiji haliwezi kujua ndani ya injini ya mgeni mna nini. Stika ni ushahidi, na asiye na ushahidi huhesabiwa mchafu. Majimbo jirani yaliyokubaliana na jiji kutambua vipimo vyao hayapati shida hiyo. Gari lao lenye stika ya 0 huheshimiwa kama la mwenyeji. Texas au Guatemala hazina makubaliano kama hayo.

Sababu ya pili ndiyo yenye uzito, na mtalii hawezi kuiona kwenye kioo chake cha mbele. Wakazi wa Jiji la Meksiko walijifunza zamani kusajili magari yao nje ya jiji. Jimbo la Morelos, mwendo wa saa moja na kidogo kwa barabara, halikuwa na kodi ya kila mwaka ya kumiliki gari ambayo jiji lilitoza, na hakuna mkazi asiyemjua jirani mwenye namba za Morelos ambaye Morelos hulala labda usiku mmoja kwa mwaka. Anayesajili huko huokoa kodi, na zamani aliokoa pia adha ya vipimo. Zuio la asubuhi lilimlenga huyo hasa, mtu wa jijini anayeendesha kila siku kwenda kazini akijifanya wa nje. Muda wenyewe unasema: saa kumi na moja hadi saa tano ni muda wa foleni ya kazini na shuleni, mtalii wakati huo anakunywa kahawa. Sheria ilitungiwa mwenyeji aliyevaa kanzu ya mgeni, wavu ukamnasa na mgeni mwenyewe.

Na huyo mgeni mwenyewe ni nani? Anayekuja kwa ndege akikodi gari hupewa, kwa kawaida, gari jipya lenye stika ya kutembea kila siku; sheria hii anaweza asijue kama ipo. Wanaofika na gari lao ni wachache wanaoteremka bara la Amerika kwa safari ndefu, na ni Wameksiko wanaoishi Marekani wanaorudi kwao Desemba, gari limejaa zawadi za akina bibi hadi kwenye paa. Mkute huyo njiani: alizaliwa Iztapalapa, ndani ya jiji hilohilo, mama yake angali Iztapalapa, lakini kwa kuwa kibao chake kimeandikwa Illinois, kisheria gari lake ni la nje. Mwaka uleule wa 1989 serikali ilianzisha mpango uitwao Paisano, wa kuwalinda hao wanaorejea dhidi ya maofisa wanaowakamua njiani. Hivyo serikali moja, mwaka mmoja, iliunda ngao ya kumlinda mhamiaji na ikazindua sheria ambayo baadaye ingempa askari sababu ya kumsimamisha.

Kukamuliwa huko kuna jina, mordida, ambalo maana yake ni kung'ata. Sisi tumeliremba zaidi, tunasema chai au kitu kidogo. Faini halali ya kuvunja zuio ni kati ya mara 20 na 30 ya kipimo rasmi ambacho Meksiko hukitumia kukokotolea faini, nacho mwaka 2024 kilikuwa peso 108.57, yaani peso elfu mbili na ushei hadi elfu tatu na ushei, pamoja na gharama ya kuvutwa na siku za yadi. Ongeza kwamba mgeni hajui Kihispania vizuri na kesho ana safari ya Oaxaca. Soko la kung'atana limekamilika. Siwaambii kwamba kila askari hufanya hivyo. Nasema tu kwamba kanuni yenye saa, tarakimu, rangi za stika, Jumamosi za kwanza na za tatu, na misamaha kadhaa, ambayo anayesimamishwa haijui na anayesimamisha anaijua, ni shamba lenye rutuba kwa askari asiye mwaminifu.

Serikali ya jiji na ile ya jimbo linalolizunguka zilijaribu kulainisha mambo kwa kibali kinachoitwa Pase Turístico. Hakilipiwi, huombwa kwa intaneti kabla ya safari, hubandikwa garini, na humwondolea mgeni zuio la siku yake, la Jumamosi na la asubuhi. Gari lisiwe na umri wa zaidi ya miaka 15. Katika kila nusu ya mwaka mgeni hupata ama siku 14 kwa mkupuo mmoja au siku 7 mara mbili. Siku 14 zinamtosha anayekuja kutazama piramidi za Teotihuacán. Hazimtoshi aliyekuja kumuuguza mama.

Kwa maoni yangu kibali hiki ndicho kitu chenye akili kuliko vyote katika mfumo mzima, kwa sababu kinamtofautisha anayepita na anayejificha. Mkazi wa jijini mwenye namba za nje hatapata kazi ya mwaka mzima katika siku 14. Udhaifu wa kibali ni mahali kinapokosekana. Gari la kigeni linapovuka mpaka na kupita ukanda wa mpakani, mwenye gari lazima akate kibali cha muda cha kuliingiza nchini, kinachotolewa na Banjercito, benki ya jeshi. Hapo dirishani namba ya gari, mwaka wake na jina la mwenye gari vyote vimeshaandikwa. Mtu angetazamia kwamba karatasi ya pili ingetoka palepale. Haitoki, forodha ni ya nchi, hewa ni ya jiji, na katikati ya ofisi mbili kuna zaidi ya kilomita elfu moja za barabara ambazo mgeni anazisafiri bila kujua linalomngoja.

Je, hewa imenufaika? Hapa ndipo swali la mgeni linapokuwa swali la kila mtu. Mwaka 1997 Gunnar Eskeland na Tarhan Feyzioglu wa Benki ya Dunia walionyesha kwamba kabla ya zuio jiji lilikuwa likiuza magari yake yaliyotumika kwenye majimbo mengine, na baada ya zuio likawa linayanunua. Familia iliyonyimwa gari Jumatatu ilitafuta gari la pili lenye tarakimu nyingine, la bei nafuu, yaani la zamani. Mwaka 2008 mchumi Lucas Davis alichambua vipimo vya hewa vya kila saa, kuanzia 1986 hadi 2005, asione kichafuzi hata kimoja kilichopungua kwa sababu ya zuio. Watu hawakuhamia kwenye treni wala mabasi. Zuio la Jumamosi lilipoongezwa mwaka huohuo wa 2008, alirudi kulipima, na utafiti wake wa 2017 ukatoa jibu lilelile.

Hata hivyo hewa ya Jiji la Meksiko leo si ile ya 1992. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Azcapotzalco, ndani ya jiji, kilifungwa mwaka 1991. Magari mapya kuanzia mwaka huo yakaja na kichujio cha kemikali kwenye bomba la moshi. Risasi ikaondolewa kwenye petroli. Haya hayakumlaza mtu nyumbani siku moja, na ndiyo yaliyofanya kazi. Zuio lilipata meno kidogo pale tu lilipofungwa kwenye vipimo vya moshi: mwenye gari safi aachwe, mwenye gari chafu abanwe. Hapo watu walikuwa na sababu ya kununua gari safi badala ya gari la pili. Mnamo 2015 Mahakama ya Juu ya Meksiko iliamua kwamba umri wa gari pekee usiwe kigezo cha kulizuia, magari mengi ya zamani yakarudi barabarani kila siku, na Machi 2016 ozoni ilipanda hadi jiji likatangaza hali ya dharura ambayo halikuwa limeifikia kwa zaidi ya miaka kumi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni mwaka huo kila gari, hata lenye stika safi kabisa, lililazwa siku moja kwa wiki. Siku za dharura kama hizo bado hutokea, hasa majira ya ozoni. Zikitangazwa, magari ya nje yasiyo na stika huwa miongoni mwa ya kwanza kuzuiwa.

Miji mingine imemfanyia nini mgeni? Beijing imechukua njia ya Meksiko na kuikaza: gari lenye namba za nje ya Beijing huhitaji kibali cha siku 7, na tangu Novemba 2019 hakitolewi zaidi ya mara 12 kwa mwaka, yaani siku 84. Huko nako lengo ni wakazi waliokwepa bahati nasibu ya namba za jijini. Ujerumani ilikwenda upande mwingine. Tangu 2008 Berlin na miji kadhaa humtaka kila anayeingia katikati ya jiji awe na stika ya moshi, Mjerumani na mgeni sawasawa. Mgeni huonyesha kadi ya gari lake, hulipa euro chache, hubandikiwa, na stika hiyo hudumu mpaka gari lichakae au namba ibadilike. Asiyekuwa nayo hutozwa euro 100. London nayo, ambayo tangu 29 Agosti 2023 hutoza pauni 12.50 kwa siku gari chafu linalotembea katika mitaa yake yote, humtaka mwenye gari la nje ajisajili mapema hata kama gari lake ni safi, kwa sababu kamera haziwezi kusoma injini kutoka kwenye kibao cha Ufaransa. Wapo waliosafisha dhamiri kwa gari la umeme kisha wakaletewa bahasha ya faini nyumbani kwa kukosa kujisajili. Lakini angalau swali lililoulizwa ni la haki: gari lako linatoa nini?

Jiji la Meksiko bado linauliza umetoka wapi. Nadhani hilo ndilo kosa lake kubwa kwa mgeni, kuliko ukali wa saa 58. Kadi ya gari la Marekani imeandikwa mwaka wa kutengenezwa. Kutoka hapo kukadiria kiwango cha moshi si kazi ya mwanasayansi, na jiji lenyewe huruhusu gari la jimbo jingine lijipeleke kituoni kupimwa kwa hiari likapata stika. Mgeni apewe njia hiyohiyo mpakani. Aliye na gari safi abandikwe sifuri, aliye na bovu abaki na zuio lake, na mkazi wa jijini mwenye namba za Morelos atafutwe kwa anwani yake, maana kodi ya nyumba na bili ya umeme vinajua anakolala.

Hoja hizi zitatufikia na sisi. Mapema mwaka 2019 Nairobi ilitangaza kufunga baadhi ya barabara za katikati ya jiji kwa magari Jumatano na Jumamosi, kisha mpango ukaahirishwa kabla haujaanza. Siku utakapofufuliwa, mahali popote kati ya Nairobi na Kampala, mtu atauliza habari za namba za nchi jirani, na jibu rahisi kuliko yote litakuwa kuzifungia moja kwa moja. Liogopeni jibu hilo.

Na wewe unayepanga kuteremka kutoka Houston au Dallas na gari lako: omba kibali kabla ya kuondoka nyumbani, kichapishe, weka nakala ya pili kwenye mkoba. Kama jiji lenyewe hulitaki, ukitokea kaskazini shika barabara ya kulipia ya Arco Norte, inayolizunguka kwa mbali toka Atlacomulco hadi San Martín Texmelucan. Ukisimamishwa, usitoe fedha mkononi. Faini halali haikusanywi taslimu barabarani. Ukifika, liegeshe upande Metro, ambayo nauli yake ni peso 5. Na kama kibali hukukipata, ingia Jumapili, kwa maana katika siku za kawaida Jumapili halifungiwi gari lolote.